Vifuniko Vitano

Baiskeli ya Somoe haina waya wa breki.
Niliipindua, nikautafuta waya
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.
Kumbe ina mrija, mweusi, mwembamba,
na ndani ya mrija, mafuta.
Yalikuwemo. Sasa umebaki upepo
na tone moja la buluu kwenye ncha ya kidole changu,
lisilotaka kunitajia jina lake.

Mimi fundi wa Newala nimezoea breki za fito,
baiskeli zinazopiga kelele kwanza
ndipo zisimame.
Hii ilishukia bandari ya Mtwara
ndani ya kontena la mitumba, imelaliwa na friji.
Aliyeinunua ni muuguzi,
huteremka nayo bondeni kuelekea Ruvuma,
kasha la chanjo mgongoni,
mteremko ambao hata mbuzi huufikiria mara mbili.

Kwa hiyo sibahatishi.

Washauri hawakosekani.
Nandonde wa bodaboda: "Tia oili ya breki ya gari,
breki ni breki."
Jirani mshonaji akanyoosha kichupa cha cherehani.
Binamu yangu Chilumba, ambaye hakuulizwa,
akasema mafuta ya maganda ya korosho, yapo bure,
huku vidole vyake vina makovu ya kubangua.
Mwingine akasema maji:
breki ya rimu haichemki, maji yanatosha.
Maji! Juu ya mlima huu,
ambako ya kuoshea mchele ndiyo ya kumwagilia mchicha!
Lakini hakuwa mjinga. Nikampa kifuniko chake.

Somoe mwenyewe akasoma chupa moja zahanati:
mafuta ya kupaka watoto,
si ya nazi, yale meupe kama hayapo.
"Ya madini," akasema. "Yajaribu."

Nilikuwa na sili moja kuukuu.
Nikaikata kwa wembe, vipande vitano,
kila kipande kifuniko chake cha soda,
kila kifuniko na springi ya kalamu.
Siku tatu chini ya kitanda,
sahani juu kwa ajili ya mende.

Cha korosho sikuthubutu kukigusa.
Kwenye oili ya gari raba imevimba
kama mdomo wa aliyeng'atwa na nyuki;
ingekwama humo humo, katikati ya kona.
Kwenye maji raba ni nzima, springi imevaa kanzu ya kutu.
Ya cherehani hayana kosa,
ila ni mazito, na Julai yetu ina baridi:
mkono wa breki ungerudi kwa uvivu.
Cha tano nilikitazama muda mrefu.
Hakuna kilichotokea.
Sijawahi kufurahia kitu kutotokea kiasi kile.

Dukani, muuzaji akaifunga chupa kwenye gazeti.
"Hongera! Amezaliwa lini?"
"Ana magurudumu mawili," nikajibu, akacheka vibaya.
Hadi magharibi wanawake watatu walishafika
na sabuni na khanga kwa mke wangu,
ambaye kitinda mimba wake yuko kidato cha pili.
Yaliyosemwa usiku ule hayahusu breki.

Bomba la sindano lisilo na sindano, la Somoe pia.
Nikasukuma kutoka chini, polepole,
nikiugonga mrija kwa mpini wa bisibisi.
Upepo ni mgeni mkaidi: unaaga,
unakaa tena.
Povu la mwisho lilitoka baada ya chai kupoa.
Nikabana. Mkono ukagoma katikati, mgumu,
kama mtu aliyeamua.

Jumatatu akashuka.
Nilisimama juu nikasikiliza.
Breki ya fito ningeisikia hadi bondeni,
hii haisemi,
na sikujua kimya kizuri kinatofautianaje na kibaya.

Alirudi alasiri, anaisukuma, vumbi hadi kwenye kope.
"Kuna mbuzi alikatiza," akasema,
akaomba maji ya kunywa.

Nikampa kikombe kizima.